Azalea ya barabarani na rododendroni ya milimani: kwa nini zinatufia Dar

Mwezi Januari shangazi yangu wa Tabata alinitumia picha ya chungu kilichowekwa kwenye ngazi ya baraza lake, na chini yake ujumbe wa sauti wa sekunde nane: "Mwanangu, azalea yangu imelegea kama mlenda, na kila siku naimwagilia. Njoo unitazamie." Jumapili nikaenda. Shikamoo, marahaba, chai na vitumbua, kisha tukatoka nje. Nikauminya ule mche chini kabisa, pale shina linapokutana na udongo, kidole kikazama kama kwenye embe bovu. Nikauvuta. Shina likaja, mizizi ikabaki chunguni, na harufu iliyotoka ilikuwa ile ya maji ya maua yaliyosahaulika mezani tangu siku ya harusi.

Shangazi si mzembe. Kosa lake ni kwamba alifuata maelekezo. Muuza miche kando ya barabara ya Bagamoyo alimwambia kwamba huu ni mche wa "azalea kibete". Akarudi nyumbani, akaingia mtandaoni, akakuta ushauri mzuri kabisa wa kutunza azalea na rododendroni fupi: weka kivulini, kwepesha jua la mchana, udongo usikauke hata siku moja. Akayatekeleza yote. Mmea wenyewe ulikuwa adeniamu, lile waridi la jangwani lenye shina nene kama chupa, na adeniamu inataka karibu kinyume cha kila kimoja kati ya hayo.

Mimi sina haki ya kumcheka. Miaka michache nyuma nililetewa azalea ya kweli kutoka Lushoto, mche wa urefu wa kiganja na nusu, una vitumba kumi na kitu. Ilifika Mikocheni wakati wa kipupwe, ikachanua, nikapiga picha za kutosha kuwachosha jamaa. Kufikia Februari ilikuwa kuni. Ya shangazi ilizama majini. Yangu ilikufa njaa ikiwa imekaa juu ya chakula, na hilo ndilo linalohitaji maelezo marefu.

Majina matatu, mimea miwili

Rododendroni ni jina la kundi kubwa la mimea lenye spishi zaidi ya 1,000. Neno limetoka Kigiriki: "rhodon" ni waridi, "dendron" ni mti. Ndani ya kundi hilo kuna miti hasa, kama ile ambayo ua lake jekundu ndilo ua la taifa la Nepal na ambayo hupita mita 15, na kuna vijichaka visivyofika gotini. Azalea nayo imo humo humo. Mwaka 1753 mtaalamu wa mimea wa Sweden, Carl Linnaeus, alizitenga azalea na rododendroni katika makundi mawili, lakini waliomfuata wakaona tofauti zenyewe hazitoshi kuvunja undugu, wakaziunganisha. Kwa hiyo kila azalea ni rododendroni, ila si kila rododendroni ni azalea, kama vile kila dagaa ni samaki lakini changu si dagaa.

Neno "kibete" ndilo linalodanganya zaidi, kwa sababu limebeba mambo matatu. Kuna ufupi wa kuzaliwa. Rhododendron impeditum, kwa mfano, ni kichaka kidogo chenye maua ya zambarau kutoka milima ya Yunnan na Sichuan huko China, mahali palipo zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Huko upepo hukata kila kinachojitokeza, na theluji hukaa miezi. Mmea umejikunyata kama abiria wa bodaboda asubuhi ya Julai kule Njombe. Kuna ufupi wa kuchaguliwa: wakulima wa maua wamechanganya mbegu za aina fupi fupi, nyingi zikiwa na damu ya Rhododendron yakushimanum wa kisiwa cha Yakushima, Japani, ili wapate vichaka vya kama mita moja. Halafu kuna ufupi wa dukani. Zile azalea za chungu zinazouzwa zimejaa maua mara nyingi hunyunyiziwa dawa ya kuzuia kurefuka, na dawa ikiisha nguvu, mmea unaendelea na safari yake.

Sasa msomaji wa Dar akisikia "kibete" anawaza kitu kidogo, cha chungu, kinachofaa kibaraza cha ghorofa ya tatu Kariakoo. Kumbe ule ufupi wa kuzaliwa ni cheti kinachosema mmea huu umetoka baridini. Kadiri rododendroni ilivyo fupi kwa asili, ndivyo mara nyingi ilivyotoka juu zaidi mlimani, na ndivyo joto letu litakavyoitesa.

Adeniamu ni ukoo mwingine kabisa. Jina lake linahusishwa na Aden, Yemen, na inaota yenyewe kwenye nchi kavu za Afrika, Tanzania ikiwemo. Ndugu yake ni oleanda. Kwa kuwa maua yake kwa mbali yanafanana na ya azalea, wapenda bustani wanaozungumza Kiingereza waliipachika jina la utani lenye maana ya "azalea bandia". Neno "bandia" likadondoka mahali fulani kati ya kitalu na ukingo wa barabara.

Kuzitofautisha si kazi. Angalia shina karibu na udongo: adeniamu ina tumbo, limevimba na ni laini kwa macho kama ngozi ya mbuyu mchanga, azalea ina kijiti chembamba kikavu cha kawaida. Kata ncha ya tawi: adeniamu hutoa utomvu (usiuguse kisha ukasugua jicho, ni sumu), azalea haitoi. Chungulia ndani ya ua: la azalea lina nyuzi ndefu zilizochomoza nje kama masharubu ya kambamti, la adeniamu ni tarumbeta na viungo vyake vimejificha kooni. Na ukiona tunda lenye umbo la pembe mbili zilizopasuka na mbegu zenye manyoya, hiyo ni adeniamu bila ubishi.

Chuma kipo, namba ya siri imepotea

Turudi kwenye azalea yangu ya Lushoto. Novemba majani yake machanga yalianza kuwa manjano, lakini si manjano ya kawaida. Mishipa ilibaki kijani, katikati ya mishipa kukawa na rangi ya limau. Jani lilionekana kama ramani ya mito. Nikadhani ina njaa, nikaipa mbolea. Ikazidi.

Hapa lazima tuelewe pH, nayo si ngumu. Ni kipimo cha tindikali, kutoka 0 hadi 14. Saba ni katikati. Limau liko karibu na 2. Maji ya mvua yasiyochafuliwa ni kama 5.6, maji ya bahari ni karibu 8, magadi ya kulainishia maharage yako juu zaidi. La kukumbuka ni kwamba kila hatua moja ni mara kumi. Udongo wa pH 5 una tindikali mara kumi kuliko wa pH 6, na mara elfu kuliko wa pH 8.

Rododendroni inataka udongo ulio kati ya 4.5 na 6. Kwa Mtanzania njia rahisi ya kukumbuka ni chai. Majani ya chai ya Usambara, Mufindi na Rungwe yanatoka kwenye mashamba yenye tindikali ya namna hiyo hiyo. Panapostawi chai, rododendroni haitagombana na udongo.

Udongo ukishakuwa na chokaa, madini ya chuma yaliyomo hubadilika kuwa hali isiyoyeyuka, na mzizi hauwezi kunywa kisichoyeyuka. Ni kama mtu mwenye pesa kwenye simu aliyesahau namba ya siri. Salio analiona, lakini dukani anatoka mikono mitupu. Jani bila chuma haliwezi kutengeneza rangi ya kijani. Ukimwekea mtu huyo pesa zaidi kwenye simu ile ile hujamsaidia, na ndivyo nilivyofanya na mbolea yangu. Tena nilitumia CAN, ambayo imechanganywa na chokaa. Nilikuwa naongeza kufuli.

Dar je? Inategemea unakaa wapi. Rasi ya Msasani, Oysterbay, na ukanda wa pwani kuelekea Kunduchi vimekaa juu ya matumbawe ya zamani, yaani chokaa tupu iliyowahi kuwa bahari. Wazo Hill inachimbwa chokaa ya kutengenezea saruji. Huhitaji ushahidi mwingine. Ukipanda kuelekea Kimara na Pugu unakuta mchanga na udongo mwekundu ambao kwa kawaida una chokaa kidogo. Lakini hata huko, chimba kando ya ukuta wa nyumba yoyote mpya. Utakuta kifusi cha saruji, vipande vya lipu, chokaa ya fundi rangi aliyesafishia brashi hapo hapo. Mita moja kutoka ukutani ndipo kila mtu anapotaka kupanda maua, na ndipo palipo pabaya kuliko pote.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Chukua udongo mkavu kijiko kimoja, uweke kwenye kisosi cheupe, udondoshee siki. Ukisikia mchirizo na kuona povu dogo kama soda iliyofunguliwa, hiyo ni chokaa inayeyuka, na hapo usipande rododendroni wala azalea. Kimya hakimaanishi kwamba udongo una tindikali, kinamaanisha tu kwamba chokaa si nyingi. Anayetaka namba kamili apeleke sampuli maabara ya udongo. Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro wanapima, na kituo cha Mlingano kule Tanga, cha taasisi ya utafiti wa kilimo TARI, kazi yao ni udongo.

Mwenye macho anaweza hata kuacha siki. Tembea Masaki utazame nyua za ixora, vile vichaka vya maua mekundu vinavyokatwa mraba mbele ya mageti. Ixora nayo hupenda tindikali. Pale ilipo na manjano yenye mishipa ya kijani, udongo umekwisha kukuambia.

Tiba za mtaani zinaanzia hapa, nami nimezijaribu karibu zote. Machicha ya kahawa: tindikali nyingi ilishaondoka na kikombe ulichokunywa, kinachobaki kiko karibu na katikati. Ni mboji nzuri, basi. Misumari yenye kutu: kutu ni chuma kile kile kisichoyeyuka, umeongeza salio kwenye simu iliyofungwa. Maji ya limau au siki kila wiki: pH inashuka kwa muda mfupi, chokaa inaimeza, kesho umerudi ulipokuwa, na ukizidisha unaunguza mizizi. Majivu ndiyo mabaya kuliko yote. Wengi tunayamwaga kwenye vyungu kufukuza sisimizi, na majivu hupandisha pH kama magadi.

Kinachoshusha kweli ni salfa, ile ile ya unga wanayopulizia wakulima wa korosho Mtwara na Lindi dhidi ya ubwiriunga. Bakteria wa udongoni huigeuza taratibu kuwa tindikali. Ni suala la miezi, si siku. Mbolea ya SA (salfeti ya amonia) nayo husogeza udongo upande huo. Lakini kwenye ardhi iliyokaa juu ya matumbawe, hata salfa ni kujaza ndoo iliyotoboka: chini kuna jabali la chokaa, na ushindani huo huwezi kushinda. Ndiyo maana watu wanakimbilia chungu.

Chungu kinatibu nusu ya ugonjwa

Ndani ya chungu wewe ndiye unayeamua udongo uwe upi. Hilo ni kweli, lakini chungu chenyewe kinaweza kuwa adui. Vile vya saruji vinavyopangwa barabarani, vizuri na vya bei poa, hutoa chokaa kidogo kidogo kila unapomwagilia. Vya plastiki nyeusi vikipigwa na jua la saa nane mchana, udongo uliogusa ukuta wake unaweza kupita nyuzi 40, na mizizi ya rododendroni hukaa pembeni hapo hapo. Kinachofaa ni chungu cha udongo wa kuchoma kisichopakwa rangi. Kinatoa jasho. Kila mtu aliyekunywa maji ya mtungini anajua kwa nini yale maji ni baridi. Mizizi nayo inanufaika na jasho hilo hilo.

Mizizi yenyewe ni mambo mengine. Ya mwembe huzama chini kama msumari. Ya rododendroni ni myembamba kama nywele, imesukana karibu na uso wa udongo, na kwa kiasi kikubwa haijitafutii chakula peke yake: kuna kuvu wanaoishi ndani yake wanaovunjavunja majani yaliyooza na kuupa mmea virutubisho. Kwa hiyo udongo wa kawaida wa bustani, hasa wa mfinyanzi, unaikaba. Inataka kitu chepesi chenye hewa. Maganda ya msonobari yaliyosagwa ni bora. Misonobari ipo tele Sao Hill, ingawa maganda hayafiki Dar kirahisi. Vumbi la makumbi ya nazi linapatikana zaidi, ila lioshe kwa maji mengi mara tatu au nne kwanza, kwa sababu makumbi ya pwani huwa na chumvi. Changanya na mboji ya majani iliyooza vizuri na mchanga mnene wa mto. Mchanga wa ufukweni usiuguse, umejaa vipande vya kombe, na kombe ni chokaa.

Panda juu juu. Tonge la mizizi likae sawa na uso wa udongo au lichomoze kidogo, usilizike. Mizizi ya nywele ikizikwa na kulowekwa kwenye joto hualika kimelea cha Phytophthora, kile kile kinachoozesha mizizi ya parachichi, na kikishaingia hakuna dawa ya kurudisha.

Halafu maji. Nilipokuwa nikihangaika na azalea yangu nilikuwa natumia kisima. Siku moja mke wangu akaninyooshea birika la chai, ndani limejaa magamba meupe, akasema, "Kama haya yanaganda kwenye birika, kwenye chungu chako yanaenda wapi?" Nikanyamaza. Yale magamba ni chokaa. Unaweza kutengeneza udongo wa pH 5 leo, ukamwagilia maji ya kisima cha pwani miezi sita, ukajikuta umeujengea Wazo Hill ndogo. Maji ya bomba ya DAWASA sehemu kubwa yanatoka mto Ruvu, ambao chanzo chake ni milima ya Uluguru, na kwa kawaida ni laini kuliko ya visima vya pwani. Yaache wazi usiku mmoja klorini ipungue. Bora kuliko yote ni ya mvua. Masika ikinyesha, kinga ya bati, jaza mapipa, funika mbu wasizalie.

Ukifanya yote hayo umemaliza matatizo ya udongo, chungu na maji. Mmea bado utakufa, ila labda utachelewa kidogo.

Tatizo ni usiku

Watu wengi hudhani jua ndilo linaloua. Jua linaunguza majani, ni kweli, lakini kivuli kinalitatua. Kinachoua polepole ni usiku wa kaskazi.

Mchana jani linatengeneza sukari kwa mwanga. Usiku halitengenezi chochote, linatumia tu, kwa sababu mmea unapumua saa zote. Fikiria mama lishe anayeuza mchana na kuwasha jenereta usiku ili friji lisizime. Usiku ukiwa wa baridi, jenereta inakoroma kidogo. Ukiwa wa joto, inakunywa mafuta. Kwa mimea mingi, joto likipanda nyuzi 10 matumizi hayo hukaribia maradufu. Mmea uliozoea milima yenye usiku wa nyuzi 8 au 10, ukiuleta Dar ambako usiku wa Januari na Februari hukaa karibu na nyuzi 25, unalipa jenereta inayokula zaidi ya mauzo ya mchana. Hula akiba. Akiba ikiisha, basi. Ndiyo maana azalea yangu ilionekana mzima miezi ya kwanza: ilikuwa inatumia sukari ya Lushoto.

Jambo la pili ni usingizi. Rododendroni nyingi za nchi za baridi hutengeneza vitumba vya maua, kisha huvifunga, zikisubiri wiki kadhaa za baridi kali kabla ya kuvifungua. Baridi ndiyo saa yao ya kengele. Sisi tuko takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta na usawa wa bahari. Kengele hiyo hailii kamwe.

"Nitaiweka chumba chenye AC." Nimeulizwa hili mara nyingi kuliko jambo lolote. AC nyingi za majumbani haziteremki chini ya nyuzi 16, na 16 si baridi ya kumlaza mmea wa mlimani. Hewa yake ni kavu, na mwanga wa sebuleni ni hafifu mno. Umepunguza mafuta ya jenereta na papo hapo umefunga genge. Kuweka vipande vya barafu juu ya udongo, jambo ambalo nimeona watu wakilisifia, kunashtua mizizi ya juu kwa nusu saa na hakubadilishi usiku. Kuna jamaa alinieleza mpango wa kuulaza mmea kwenye friji la soda la dukani kwake. Kitaalamu hakuwa mbali sana na wanavyofanya wakulima wa azalea za biashara, wanaozipitisha kwenye vyumba vya baridi kabla ya kuuza. Ila yeye angelazimika kuondoa soda wiki sita, na mkewe ndiye mwenye duka.

Dawa halisi ya usiku ni mwinuko. Kwa wastani hewa hupoa kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Lushoto mjini ni karibu mita 1,400, kwa hiyo ni kama nyuzi 9 chini ya Dar, na udongo wake mwekundu una tindikali. Yule mama wa mche wangu, kichaka kinachofika kifuani, bado kinachanua kule kila mwaka na hakuna anayekihudumia. Mwenye kiwanja Lushoto, Njombe, Rungwe au mitaa ya juu ya Moshi na Arusha anaweza kupanda azalea ardhini, kivuli cha asubuhi au jioni, matandazo ya majani, akalala usingizi. Zile fupi kabisa za vilele vya China simshauri hata yeye azipande, isipokuwa kama anakaa kwenye baridi ya kuganda asubuhi.

Ajabu ni kwamba milima yetu, pamoja na baridi yake yote, haikupewa rododendroni hata moja. Afrika haina ya asili. Tulichonacho ni binamu zake wa jamii ya Erica, vile vichaka vya vijani kama sindano ambavyo mpanda Kilimanjaro hukutana navyo akishauacha msitu.

Kuna tawi moja la ukoo linalonipa matumaini kidogo, nalo linaitwa vireya: spishi kama 300 za visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki na New Guinea, nyingi zikiota juu ya miti ya misitu yenye ukungu. Hizi hazihitaji usingizi wa baridi. Lakini "za tropiki" si sawa na "za Dar". Nyingi ni za milimani, na ni chache tu zinazoteremka hadi nyanda za chini. Ukitaka kuagiza mche au kipandikizi kutoka nje, kuna kibali na cheti cha afya ya mmea kupitia Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Usifiche mche kwenye begi. Hiyo Phytophthora niliyoitaja husafiri kwenye udongo wa miche, na wakulima wa parachichi hawatakushukuru.

Kuhusu mbegu za "rododendroni kibete ya bluu" zinazouzwa mtandaoni: mbegu za rododendroni ni vumbi, ukipiga chafya umezipoteza. Ukiletewa kitu chenye ukubwa wa choroko, umeuziwa kitu kingine. Na hata zikiwa za kweli, aina chotara hazizai watoto wanaofanana nazo, na kutoka mbegu hadi ua ni miaka. Fedha hiyo nunua chungu.

Nyumba yenye mbuzi au mtoto anayetia kila kitu mdomoni iwe macho na mimea yote miwili. Majani ya rododendroni yana sumu, hata asali iliyokusanywa na nyuki kwenye maua yake imewahi kulewesha watu: karibu mwaka 400 kabla ya Kristo askari wa Kigiriki waliokula asali hiyo karibu na Bahari Nyeusi walianguka chini kwa wingi, wakainuka baada ya siku kadhaa. Adeniamu ni kali zaidi. Utomvu wake umetumika kupaka mishale ya kuwindia. Kwa hiyo akija mtu na habari kwamba majani ya "azalea" yakichemshwa yanatibu presha, mfunge mdomo.

Kwa hiyo chungu cha shangazi

Tulikata sehemu iliyooza hadi tukafika penye nyama nyeupe ngumu, kisha tukaacha lile shina kwenye kivuli cha baraza, bila udongo, siku saba, jeraha likauke. Shangazi aliona ni ukatili. Kila jioni alinipigia: "Hata kijiko cha maji?" Hata kijiko. Wiki ya pili tulilipanda kwenye chungu cha udongo chenye tundu, nusu mchanga wa mto, nusu kokoto ndogo na mboji kidogo, likapelekwa juani kabisa, pale alipokuwa akianikia dagaa. Chokaa ya Dar haiisumbui sana adeniamu, na usiku wa nyuzi 25 ndio inaoupenda. Kumwagilia: kidole kikizama hadi kifundo cha pili na kutoka kikavu, ndipo unamimina. Masika ilipoanza tulisogeza chungu chini ya ukingo wa bati, maana mvua ya Aprili haina kiasi.

Mimi pale ilipofia azalea nimeweka ixora fupi, kwenye chungu, kwa maji ya mvua na SA kidogo kila baada ya miezi miwili. Majani yamebaki kijani.

Juni simu ikaita. Ujumbe wa sauti, sekunde tano safari hii, nyuma yake muadhini wa Tabata anaadhini alasiri: "Azalea yangu ina kitumba." Nilianza kuandika kwamba si azalea, nikafuta, nikamuuliza ni cha rangi gani.